Kiuno Kwenye Mkono wa Blauzi

Ufunguo wa chumba cha ushonaji cha Biryogo ulikuwa umening'inia shingoni mwa Mukabalisa kwa miaka kumi na minne, na kamba yake ilikuwa imebadilishwa mara tano. Akioga alikuwa nao, akilala alikuwa nao. Wajukuu zake waliung'ata kila mmoja kwa zamu yake, meno yalipokuwa yakiwaota. Kwa hiyo siku Bwana Évode, mwenyekiti wa kamati ya kituo, alipoingia na binti mwembamba aliyekumbatia madaftari kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, akasema, "Mama Fundi, nimekuletea mwenzio," jambo la kwanza alilofanya Mukabalisa ni kuushika ufunguo wake.

Binti yule aliitwa Aurore Ndihokubwayo. Kwao Bujumbura, na huko ndiko alikosomea ualimu. Alikuwa amekuja Kigali kukaa na shangazi yake mgonjwa. Mwaka wenyewe ulikuwa 1992, vita viko kaskazini, na mtu mwenye karatasi za Burundi alisimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani mara mbili pale mwenzake aliposimamishwa mara moja. Hata hivyo kila asubuhi Aurore alikuwa mlangoni kabla ya watu wote, sketi imenyooka, meno meupe, salamu mdomoni. Jambo hilo peke yake lilimchoma Mukabalisa. Mtu anayechelewa humpa mwenziwe cha kumsamehe, lakini huyu hakuwa na kosa la kuanzia.

Bwana Évode alieleza mambo akiwa amesimama, kofia mkononi.

"Wanawake wanatoka hapa wanajua kushona, lakini mteja akisema jina lake hawawezi kuliandika. Tukiwawekea darasa la kusoma jioni, hawaji; wana watoto, wana vyungu. Sasa kamati imeamua: hayatakuwa masomo mawili. Litakuwa moja. Kusoma kukae ndani ya kushona. Mama Fundi, wewe una kushona. Mwalimu Aurore ana kusoma. Mtapanga pamoja, karatasi moja, majina mawili. Baada ya wiki sita tunakuja kutazama."

"Na mkishatazama?" Mukabalisa akauliza.

Bwana Évode akaigeuza kofia yake. "Mmoja atakuwa mkuu wa chumba. Mwingine tutampeleka Kagugu, tunafungua chumba kingine kule. Ataanza upya."

Kagugu! Wakati huo Kagugu ilikuwa migomba na vumbi, na goti la Mukabalisa lilipandishwa kilima cha Biryogo kwa kubembelezwa. Aanze upya na nini, na umri wa kumpigia mtu shikamoo umeshapita, sasa ni yeye anayepigiwa? Alimtazama Aurore. Aurore alikuwa akitazama ukuta.

Ukutani kulikuwa na misumari hamsini na tatu, na kila msumari ulikuwa na uzi wenye mafundo. Hayo ndiyo yaliyokuwa madaftari ya Mukabalisa. Mteja akija, alimzungushia uzi kifuani akafunga fundo, kiunoni akafunga fundo, nyongani akafunga fundo, bega hadi mkono fundo tena, kisha uzi ukaenda kwenye msumari wake. Kusoma alijua, alifika darasa la tano kwa masista na barua za wanawe alizisoma mwenyewe, polepole. Lakini uzi alirithi kwa marehemu mumewe, fundi Rajabu, na Rajabu naye aliurithi kwa baba yake aliyekuja na mizigo ya wafanyabiashara kutoka Ujiji. Usiku wa manane ungemwamsha ukamwambia "msumari wa thelathini," angekuambia ni wa mke wa muuza chumvi, na kwamba amenenepa tangu Idi.

"Ni vizuri sana, Mama Fundi," Aurore akasema kwa sauti ndogo. "Ila wewe ukiugua, nani atausoma ukuta huu?"

"Sijaugua," Mukabalisa akajibu.

*

Kila Alhamisi baada ya somo walikaa kwenye meza ya kukatia, mkasi katikati yao, kupanga. Aurore alitandaza karatasi ya maandalio, ile ambayo walimu wa Kigali waliiita fishi, iliyochorwa mistari kwa rula: lengo, vifaa, hatua ya mwalimu, hatua ya mwanafunzi.

"Tuanze na blauzi," Aurore akasema. "Mama Fundi, mtu akitaka kushona blauzi, ni maneno gani kumi ambayo hawezi kuyakwepa?"

"Blauzi haishonwi kwa maneno."

"Najua. Lakini kama ingekuwa lazima."

Mukabalisa akavuta pumzi puani. "Bega. Kifua. Kiuno. Mgongo. Shingo. Mkono. Ubavu. Pindo." Akakigeuza kifungo kilichokuwa mezani. "Kifungo."

Kalamu ya Aurore ilikimbia. Yaliyokuwa mikononi mwa Mukabalisa miaka arobaini yakalala kwenye karatasi yamepangwa mstari, herufi za duara, nzuri, utadhani kayabuni yeye. Mukabalisa aliyatazama akahisi kama mtu anayeona nguo yake imevaliwa na jirani, na inampendeza jirani kuliko yeye.

"Hayo ni tisa," Aurore akasema. "La kumi?"

La kumi lilikuwa tundu la mkono. Hapo ndipo blauzi za mafundi wengine zilipofia. Wanawake wa Biryogo walikwenda kwa mafundi wa mjini, blauzi ikapendeza siku ya kwanza, siku ya pili ikapasuka kwapani. Za Mukabalisa hazikupasuka. Kulikuwa na namna ya kupima, na namna hiyo Rajabu alimwonyesha mkewe usiku wa arusi yao ya pili, walipopatana baada ya ugomvi. Mukabalisa hajamwambia mtu. Wanafunzi wake aliwapimia mwenyewe tundu hilo kwa chaki, akawaacha wamalizie kwingine.

Akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu binti aje.

"Kitendawili."

"Tega," Aurore akasema, akaweka kalamu chini kwa furaha. Maskini, hakujua.

"Mlango wangu hauna ubao wala komeo. Mgeni huingia asubuhi, hutoka jioni. Siku akinyanyua mzigo, mlango hulia."

Aurore akafikiri. "Mdomo?"

"Mdomo una komeo, mwanangu, ila wengine hawalitumii."

"Kaburi?"

"Kaburini hutoki jioni."

"Basi nakupa mji."

"Sitaki mji. Ukikitegua nitakuambia la kumi, na namna ya kulipima. Usipokitegua, liache wazi."

Aurore akacheka akidhani ni mchezo wa bibi, akaacha mstari wa kumi mtupu kwenye fishi. Ulibaki mtupu wiki ile, na wiki iliyofuata, na ile iliyofuata. Kila Alhamisi binti alijaribu: "Mkoba? Banda la kuku?" Na kila Alhamisi Mukabalisa alirudi nyumbani amefurahi moyoni, japo ni furaha ya aibu, kama mtu aliyekula sukari ya mgeni jikoni.

Kwani kwingineko kote alikuwa anashindwa. Aurore hakujua kutia uzi kwenye cherehani, akawaomba wanafunzi wamfundishe, nao wakampenda kwa hilo. Harriet, mke wa dereva wa Nyabugogo, mwanamke aliyelelewa Kampala mwenye kicheko cha kufungua madirisha, alimshika kidole akamwonyesha sindano: "Banange, mwalimu! Mtu mzima unaogopa kitundu?" Wakacheka wote. Vestine muuza nyanya, ambaye kwa miaka mitatu alimletea Mukabalisa nyanya moja kubwa kila Jumatatu, sasa alileta mbili. Zilikuwa sawa kwa ukubwa. Mukabalisa alizipima kwa jicho, na jicho lake halikosei.

Lakini somo lenyewe halikwenda. Hilo Mukabalisa aliliona, na akanyamaza nalo. Aurore alitundika karatasi za maneno ukutani, wanawake wakaimba pamoja: be-ga, ki-u-no, pi-ndo. Sauti nzuri kama kwaya. Kisha wakageuka kwenye meza, wakaushika mkasi, na maneno yakabaki kule kule ukutani. Ukimwambia mtu, "Andika bega kwenye kitambaa," alikutazama kama umemuuliza habari za Ulaya.

"Kuna kitu hakiungani, Mama Fundi," Aurore alisema wiki ya nne, macho mekundu. "Maneno yako huku, kitambaa kiko kule. Wewe unaonaje?"

Mukabalisa aliona vizuri sana. "Mimi ni fundi tu," akasema, akakunja kitenge chake.

*

Wiki ya sita ikaja. Somo la kutazamwa lilipangwa Jumamosi. Ijumaa, saa saba mchana, mtaa umenyamaza watu wakiwa msikitini, Vestine aliingia chumbani akakuta Mukabalisa peke yake. Uso wa Vestine ulikuwa unametameta.

"Mama Fundi, tazama!" Akaenda ukutani, msumari wa kumi na saba, wa mteja wake wa kwanza kabisa, mwanamke aliyempata mwenyewe sokoni. Akautoa uzi wenye mafundo, akauzungusha kidoleni, akautia kwenye kikapu cha vipande vya takataka. Mahali pake akachomeka karatasi ndogo. Juu yake kwa herufi kubwa zilizopinda kulikuwa na MUKANDORI, na chini yake, kipimo cha utepe, KIUNO 76.

"Mimi mwenyewe! Mwalimu hakunishika mkono hata kidogo. Sasa uzi wa nini? Iko hapa, mtu yeyote anasoma." Akapiga makofi. "Ngoja nimwambie mwalimu!"

Akatoka mbio. Hakumwambia Mama Fundi zaidi ya hapo. Alikuja kumwonyesha njiani tu, mtu aliyekuwa anakwenda kuambiwa hasa alikuwa mwingine.

Mukabalisa aliuokota uzi. Aliufunga mwenyewe, mafundo manne, Vestine akiwa amesimama pembeni na mimba ya miezi saba, akimwuliza, "Mama Fundi, nitaweza kweli?" Naye alimwambia utaweza. Ni nani aliyemwambia utaweza? Si yeye?

Mezani palikuwa na karatasi tatu kubwa za Aurore, za kutundika kesho. Aliziandika kwa wiki nzima, kwa wino mweusi, kwenye karatasi ya ndani ya mifuko ya saruji, kwa kuwa hakukuwa na karatasi nyingine pana mjini ya bei ya mwalimu. Na karatasi ya saruji, katika chumba kile, ilikuwa na kazi moja tu tangu enzi na enzi. Ilikatwa patroni, ile karatasi ya umbo unayoilaza juu ya kitambaa kabla ya mkasi.

Wazo lilikuja lenyewe. Mukabalisa hakulifukuza. Nani atamlaumu? Fundi mzee, macho hayana nguvu, amekuta karatasi ya saruji kwenye meza ya kukatia. Angesema, "Jamani, mwanangu, kumbe ilikuwa yako?" Na kesho binti angesimama mbele ya kamati hana cha kutundika.

Akaushika mkasi kwa mkono wa kushoto, maana yeye alikata kwa kushoto tangu utotoni, hata masista walimchapa hawakumgeuza. Akakata. Kifua, mgongo, mikono miwili, ukosi. Karatasi ililia chini ya mkasi. Kwa muda huo, nataka niseme ukweli, alijisikia vizuri. Alijisikia kama siku ya kwanza Rajabu alipomwachia cherehani. Halafu akaweka mkasi chini, akatazama, na akaona jambo lililomtia joto la masikio. Hakukata hovyo. Mkono wake ulikuwa umezoea miaka mingi kutokata ua la kitenge katikati, na ukawa umezunguka kila neno ukaliacha zima. Hata wivu wake ulikuwa na adabu ya kazi.

Maneno yalikuwa mazima, ila si mahali pake. Kwenye mkono wa blauzi palikuwa pameandikwa KIUNO. Kwenye mgongo, KIFUNGO. Kwenye ukosi, PINDO.

Akazikusanya patroni zile akaziweka kwenye rundo la kazi ya kesho, akauacha ule uzi wa Vestine mezani, akafunga mlango kwa ufunguo wake, akaenda nyumbani.

*

Jumamosi asubuhi Bwana Évode alikuja na wanakamati wawili, wakakaa kwenye benchi karibu na mlango. Aurore alisimama mbele ya meza, akitafuta. Aliinua kitambaa, akainama chini ya cherehani, akafungua kabati.

"Zilikuwa hapa," akasema.

Mukabalisa alikuwa amejiandalia sentensi yake, *jamani mwanangu*, lakini badala ya kuitoa akaanza kupanga pini. Wanafunzi kumi na wawili walikuwa wameshakaa. Hawakuwa na habari. Waliona rundo la patroni, wakafanya walichofanya kila siku. Harriet alichukua kipande cha mkono, akakilaza juu ya kitambaa cha bluu, akachukua pini.

Kisha akasimamisha pini hewani.

"Ki... u... no." Akasoma tena, kidole kinafuata. "Kiuno. Kiuno!" Akainua kipande juu. "Banange! Jamani, huu ni mkono, umeandikwa kiuno! Mteja gani huyu? Amezaliwa wapi?"

Kicheko kikalipuka. Vestine akanyakua kipande chake. "Ngoja, wangu mimi... Ki-fu-ngo. Mana yanjye, Mungu wangu! Mgongo mzima ni kifungo! Huyo atalalaje?"

"Mimi nina pindo shingoni!" mwingine akapiga kelele.

"Hiyo si pindo, hiyo ni tai ya bwana mkubwa!"

Sasa kila mtu alikuwa anasoma. Hakuna aliyeimba. Walisoma kama watu wanaotafuta mwizi, haraka, kwa hamu, wakikosoana. "Soma vizuri, hiyo si bega." "Ni bega, tazama mwanzo wake!" Vestine, bila kuulizwa, akachukua chaki, akapiga mstari juu ya KIFUNGO, akaandika chini yake MGONGO. Harriet akamwambia amwazime chaki. Akaandika MKONO, akakosea, akafuta kwa mate, akaandika tena. Meza nzima ikawa inaandika, maana kuona kosa juu ya kitu unachokijua kwa mikono yako na kuliacha ni vigumu kuliko kuacha chungu kinachofurika.

Mukabalisa alisimama hapo, mikono imelegea. Maneno na kitambaa vilikuwa vimekutana. Kile ambacho Aurore alikitafuta wiki sita kilikuwa mezani, na kilikatwa na mkasi wa chuki.

Bwana Évode alikuwa ameinuka kwenye benchi. Alizunguka meza, akatazama bega la huyu na la yule, kofia kaisahau kichwani. Wanakamati wenzake walinong'ona.

"Hili," akasema, "hili ndilo tulilotaka. Kumpa mtu kosa makusudi, alisahihishe kwa kazi anayoijua! Nani alipanga?"

Aurore alikuwa na kipande cha mkono. Alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye ukingo wake, polepole. Akamtazama Mukabalisa, macho yamelowa lakini yametulia.

"Ni Mama Fundi," akasema.

Wanawake wakapiga vigelegele. Harriet akampiga Mukabalisa bega: "Kumbe ulikuwa unatuchezea, bibi wa vitendawili!" Bwana Évode akatingisha kichwa kwa heshima.

"Mama Fundi, nisamehe, nilidhani elimu hii ni ya vijana. Basi mambo yamejisema. Chumba ni chako. Mwalimu Aurore, kuanzia Jumatatu utatusaidia Kagugu."

Hapo alikuwa amepata kila kitu, ufunguo, chumba, misumari, na heshima juu yake. Mukabalisa alishika ufunguo kifuani, akaungoja moyo ufurahi. Haukufurahi. Alimtazama yule binti aliyekuwa ametoa jina la mwenzake mahali pa lake, na wivu ukamjia upya, mkali kuliko wa nyanya, mkali kuliko wa herufi za duara. Hata hili analiweza! Hata hili atanishinda?

"Sikupanga," akasema.

Vigelegele vikakatika.

"Sikupanga chochote. Zile zilikuwa karatasi za mwalimu, za kutundika. Nilizikata jana mchana, ili leo aaibike. Nilijua ni zake. Mnanisikia? Macho yangu hayana ugonjwa wowote."

Vestine alikuwa amefunika mdomo. Bwana Évode alivua kofia, akaitazama ndani kama kwamba jibu limeandikwa humo.

"Mama Fundi," akasema mwishowe, kwa huzuni ya kweli, "mtu anayekata kazi ya mwenzake, kamati haiwezi kumwachia ufunguo."

"Najua."

"Na Kagugu..."

"Bwana Évode," Aurore akaingilia, "mimi sijui kushona. Akienda Kagugu, hapa nitafundisha kusoma nini? Ukuta?" Akakishika kile kipande cha mkono kwa mikono miwili. "Nipeni ufunguo kama ni lazima. Lakini yeye abaki."

Wanakamati wakatoka nje, wakarudi. Ikawa hivyo. Mukabalisa aliivua kamba mbele ya wote. Ilinasa kwenye kilemba, Harriet akaja kumsaidia kuinasua bila kusema neno wala kucheka. Shingo ilibaki nyepesi, na baridi.

Watu walipoondoka alimuuliza Aurore, bila kumtazama: "Ulijua saa ngapi?"

"Nilipokigusa. Ukingo umelala upande wa kushoto. Hapa hakuna mwingine anayekata kwa kushoto."

"Na ukasema ni mimi niliyepanga."

"Ulikuwa umeyazunguka maneno yote, Mama Fundi. Hukukata hata moja."

*

Jumatatu Mukabalisa alifika mapema akasimama nje na wanawake wengine, kwa mara ya kwanza tangu chumba kijengwe. Alijifanya anatazama paa la jirani. Vestine alikuja akasimama karibu naye. Hakuwa na nyanya, ila alikuwa na ule uzi wa mafundo manne. Aliutoa kifuani, akaushika tu mkononi, hakueleza kitu, na Mukabalisa hakuuliza.

Aurore alichelewa, kizuizi kimemshika. Akaja mbio, fishi zimejaa mikononi, akaingiza ufunguo. Haukuzunguka. Akajaribu tena. Mlango ule ulikuwa na tabia yake: ilibidi uuinue juu kidogo, halafu ndipo uzungushe. Mukabalisa alijua. Alihesabu moyoni, moja, mbili, tatu. Alikusudia kufika kumi. Alifika nane.

"Uinue," akasema. "Unyanyue mlango juu, kwa nguvu. Mimi nitazungusha."

Aurore akawakabidhi wengine karatasi, akainua mikono yote miwili, akashika ubao wa juu, akanyanyua. Kukasikika *krrr*, mlio mrefu, kutoka kwapani mpaka mbavuni. Blauzi yake nzuri ya Bujumbura ilikuwa imefunguka kama mfuko.

Wakatazamana. Mukabalisa alikuwa na ufunguo mkononi, nusu umezunguka.

"Mlango umelia," akasema.

Aurore aliutazama mpasuko, mkono bado juu. Kisha macho yakampanuka. "Mgeni akinyanyua mzigo... Ni tundu la mkono! Mama Fundi, ni tundu la mkono la blauzi!"

"Wiki sita," Mukabalisa akasema. "Wiki sita, na unalivaa."

Wakaingia. Kabla ya somo, Aurore amejifunika kanga ya Harriet, walikaa kwenye meza, na ile fishi ya kwanza ikatolewa, yenye mstari wa kumi mtupu. Aurore akashika kalamu, tayari.

"Lete hapa," Mukabalisa akasema.

"Nikuandikie, itakuwa haraka."

"Nimesema lete."

Akaiegemea meza, akaandika mwenyewe, kwa kushoto, herufi za darasa la tano, nene, zinazopanda kilima. Wanawake walisogea wakasimama nyuma yake. Harriet alisoma kila neno lilipokuwa likitoka, kwa sauti, kama mtu anayevuta uzi kutoka kwenye gurudumu lake:

"Tundu la mkono. Mpime... akiwa... ameshika beseni... kichwani."

"Kichwani!" Vestine akasema. Akanyanyua mkono wake mwenyewe juu, akashika beseni lisilokuwepo, akajitazama kwapani. "Yoo! Kumbe ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo," Mukabalisa akasema. Akahisi kitu kinamtoka, miaka arobaini, na Rajabu, na ugomvi ule na kupatana kule. Kilimuuma. Aliirudisha karatasi kwa Aurore.

Aurore aliisoma, akaongeza kitone kimoja mwishoni, kidogo, mahali ambapo Mukabalisa alisahau.

Mukabalisa alikiona kile kitone. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akachukua utepe wa kupimia, akamwambia binti yule avue kanga na ainue mkono.